Namba Thelathini na Moja

Bwana Osiemo alikileta kimefungwa kwa gazeti la Jumatatu,
kidaftari chembamba kuliko kitabu cha risiti,
akakiweka mezani kwangu, ghorofa ya pili, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya maduka ya vipuri ambako hata nati huuzwa kwa makelele.
"Taratibu," akasema. "Humu mna lugha nzima."

Lugha nzima: maneno arobaini na mawili.
Nimejalidi Biblia, daftari za madeni,
orodha za wapiga kura waliokwisha kuzikwa;
sijawahi kushika kinywa cha watu kwa vidole viwili.

Watu gani? Padri aliyeandika hakuuliza jina lao,
au aliuliza wakamtajia mto,
na mto wenyewe, asema Osiemo, ramani zimeubatiza mara tatu,
huko Amerika ya Kusini, msitu unapoanza kupanda mlima.
Juu ya aliyemtajia maneno pana mstari mmoja tu, wino wa kahawia:
*Mwanamke, kama miaka sabini. Huchoka upesi.*

Hata mimi ningechoka. Jino. Jiwe. Mbwa. Mbili.
Mama, na mama tena, kwa tahajia nyingine,
kana kwamba mara ya pili sauti ilikwama.
Kitenzi hakuna hata kimoja.
Kwa maneno haya huwezi kukopa chumvi,
huwezi kumwambia mtu aketi, wala kwamba umemsamehe;
waweza tu kunyoosha kidole na kutaja, kunyoosha na kutaja,
kama mnadi wa mali ya marehemu.

Halafu mchwa wakapita, wasiojua kusoma.
Namba kumi na tisa walikula neno, wakabakiza maana:
*mvua ya asubuhi.*
Namba thelathini na moja walikula maana, wakabakiza neno:
*tukuime.*
Mgane na mjane, kurasa mbili kati yao.
Nikamtania Osiemo: tuwaozeshe, yaishe.
Hakucheka.
"Ukilibandika neno pasipo pake," alisema,
"hakuna aliyebaki wa kutukosoa."

Nikapika gundi ya ngano, nikaichuja kwa kitambaa,
nikaziba matundu kwa karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu.
Tundu lililozibwa bado ni tundu,
ila sasa halichaniki.
Siku kumi na moja nililitamka peke yangu,
tukuime, mkazo nikiutua pale Kiswahili kinapoutua,
kwa kuwa ulimi wangu haujui kwingine.
Na sikio nalo likang'ang'ania kulipa kazi:
tukuone, tukuage, tuku-nini?

Nyumbani, Kariobangi Kusini, Kavutha wa jirani akanisikia ngazini.
"Ni jina la nani?"
Nikasema sijui.
Basi akalichukua, kama mpira ulioangukia uani kwenu
usipodaiwa hadi magharibi,
akampa paka wao, yule wa kijivu asiyetii mtu.

Wiki nzima neno lilipanda na kushuka ngazi.
Lilitukanwa. Likaitwa kula dagaa.
Mama Kavutha alilikatia mkia likawa Tuku,
na siku moja nikamsikia akisema, "Huyu mtoto amekuwa tukuime tupu,"
nikasimama na funguo mkononi:
hilo sikulifundisha mimi.

Osiemo alikuja kuchukua kidaftari chake.
Sikumwambia.
Nilimwandikia risiti: karatasi, gundi, ufundi, elfu moja mia nane,
naye akalipa bila kuomba apunguziwe,
akatoka akikikumbatia kama aliyekabidhiwa kichanga.

Leo, kabla ya saa moja, matone ya kwanza yamegonga bati.
Mimi nilikuwa na mswaki mdomoni.
Kavutha, sare ya shule, kiatu kimoja mguuni,
ameegemea ukingo wa roshani akiita kwa pumzi yote,
tukuime, tukuime,
huku uso ameuelekeza juu, kwenye mapaa.

Paka hakuja.
Mvua ikazidi.